Namna ya Kupima Ahadi za Mtengenezaji wa Injini za Formula 1, kwa Mfano wa Honda na McLaren

Kila mwaka, timu za Formula 1 zinapozindua magari yao mapya mwezi wa Januari na Februari, mashabiki hupokea ahadi nyingi kutoka kwa watengenezaji wa injini. Huyu husema kwamba pengo la mwaka uliopita limezibwa, yule husema kwamba injini yake imesanifiwa upya tangu chini hadi juu, na mwingine hudiriki kutaja nguvu farasi alizoongeza. Shabiki haingii kiwandani wala haonyeshwi takwimu za siri za timu, lakini hayuko gizani kabisa. Mambo mengi yanayothibitisha au kuvunja ahadi hizo huonekana hadharani, na mtu anayejua pa kutazama anaweza kufikia uamuzi wake kabla msimu haujafika katikati.

Mwongozo huu umeegemea kisa kimoja tu, cha Honda kati ya mwaka 2015 na 2021. Nimekichagua kwa sababu mtengenezaji yuleyule, kwa kanuni zilezile za injini, alidhihakiwa mbele ya watu wa nyumbani kwake na baada ya miaka 6 akamfikisha dereva kwenye ubingwa wa dunia. Kipimo kizuri ni kile ambacho kingekuonya mwaka 2015 na kikakupa matumaini mwaka 2018, wakati watu wengi walikuwa bado wanacheka.

Weka historia kando

Mei 2013, Honda ilitangaza kwamba ingerudi Formula 1 na kuipa McLaren injini kuanzia msimu wa 2015. Majina hayo mawili yalipotamkwa pamoja, kila mtu alikumbuka mwaka 1988, wakati magari ya McLaren yenye injini za Honda, yakiendeshwa na Ayrton Senna na Alain Prost, yaliposhinda mbio 15 kati ya 16. Ushirika huo ulitwaa ubingwa wa dunia kwa miaka 4 mfululizo, kuanzia 1988 hadi 1991.

Kumbukumbu hiyo haikuwa na uzito wowote katika swali lililokuwapo mezani. Honda ilijiondoa mwishoni mwa 1992, ikarudi mwaka 2000, kisha ikaondoka tena Desemba 2008. Injini za mwaka 2014 na kuendelea zilikuwa za aina nyingine kabisa: silinda 6 za mpangilio wa V, ujazo wa lita 1.6, turbo moja (mashine inayozungushwa na moshi ili kuisukumia injini hewa), na mashine mbili za umeme. Mercedes, Ferrari na Renault walikuwa wamekwisha kukimbia nazo msimu mzima. Kwa hiyo, mtengenezaji anapokutajia makombe ya zamani, uliza kwanza kama wahandisi wake wamewahi kuikimbiza injini ya kanuni za sasa, na kwa muda gani.

Onyo hilohilo linahusu jina la kampuni. Mei 2017, Fernando Alonso, dereva wa McLaren, aliacha mbio za Monaco akaenda Marekani kushiriki Indianapolis 500, na injini yake ya Honda ikamharibikia zikiwa zimebaki mizunguko 21. Siku hiyohiyo, Takuma Sato alishinda mbio hizo kwa injini ya Honda. Injini hizo za Marekani zilikuwa kazi ya kundi jingine la wahandisi, lenye makao California, ilhali zile za Formula 1 zilitoka Sakura, katika mkoa wa Tochigi nchini Japani. Anayehukumu kwa nembo iliyobandikwa juu ya injini atapotea pande zote mbili.

Igeuze kauli iwe jambo linalopimika

Fungua daftari. Kila ahadi unayoisikia iandikie mambo matatu: nani amesema, ni kitu gani kitakachofikiwa, na ni lini. Ahadi isiyo na tarehe wala mlinganisho unaweza kuiacha, kwa maana haiwezi kuvunjwa na kwa hiyo haiwezi kutimizwa.

Viongozi wa Honda walikuwa wawazi kupita kiasi katika jambo hili, na kwa hilo wanastahili heshima fulani. Yasuhisa Arai, aliyeongoza mradi huo mwanzoni, alisema kwamba kufikia mbio za Ubelgiji za Agosti 2015 walikusudia kuwa sawa na injini ya Ferrari. Yusuke Hasegawa, aliyemrithi mwaka 2016, alisema kabla ya msimu wa 2017 kwamba walitarajia kuifikia Mercedes mwanzoni mwa msimu. Kauli zote mbili zina mlinganisho na zina tarehe. Hilo ndilo linalotuwezesha kuzipima leo.

Angalia sana vitenzi. Mtu anayesema "tumefikia" anadai kwamba jambo limekwisha kutendeka. Anayesema "tutafikia" anatoa ahadi. Anayesema "tunakusudia" anaeleza nia tu. Lugha yetu inazitenganisha hali hizi waziwazi, lakini habari zinapofasiriwa kutoka Kijapani kwenda Kiingereza na kisha kwa Kiswahili, nia hugeuka ahadi na ahadi ikageuka jambo lililotimia. Nimeona vichwa vya habari vilivyomlaumu mhandisi kwa neno ambalo hakulitamka. Kabla ya kuandika katika daftari, tafuta maneno kamili, usiishie kwenye kichwa cha habari.

Kisha uliza: kulingana na Mercedes ya lini? Aliyeahidi mwezi wa Januari kufikia kiwango cha mpinzani huwa anakijua kile cha msimu uliopita tu. Mpinzani naye hakulala majira yote ya baridi, na ahadi inaweza kutimizwa kikamilifu huku pengo likibaki palepale.

Piga hesabu ya mafuta

Hapa ndipo shabiki anapoweza kujitegemea, na ni sehemu ninayoipenda kuliko zote. Chini ya kanuni zilizoanza mwaka 2014, hakuna injini iliyoruhusiwa kunywa zaidi ya kilo 100 za mafuta kwa saa, na shirikisho la kimataifa la magari, FIA, liliweka kipimo ndani ya kila gari ili kuhakikisha. Kikomo kilikuwa kimoja kwa wote. Ndiyo maana nguvu ya ziada haikuweza kupatikana kwa kuchoma mafuta mengi zaidi, bali kwa kutoa kazi nyingi zaidi katika mafuta yaleyale.

Kilo 100 kwa saa ni karibu gramu 28 kwa sekunde, na kila gramu ya petroli hubeba nishati ya kilojuli zipatazo 43. Ukizidisha, unapata kilowati karibu 1,200 zinazoingia ndani ya injini ya kila timu. Swali linalobaki ni kiasi gani cha hizo hutoka zikiwa nguvu ya kusukuma gari, na kiasi gani hupotea kama joto. Ufanisi ukiwa asilimia 44, hutoka kilowati zipatazo 525, yaani nguvu farasi takriban 700. Ukiwa asilimia 50, hutoka kilowati karibu 600, yaani nguvu farasi takriban 800. Kwa makadirio haya, kila asilimia moja ya ufanisi ina thamani ya kilowati 12, au nguvu farasi 16. Petroli za makampuni hutofautiana kidogo, kwa hiyo usiichukulie hesabu hii kama mizani ya dhahabu, lakini inatosha kwa kazi yetu.

Sasa ilinganishe na yaliyotokea. Mercedes, waliokuwa bora kuliko wote, walieleza kwamba injini yao ya 2014 ilikuwa na ufanisi wa asilimia 44, na Septemba 2017 wakatangaza kwamba wamevuka asilimia 50 kwenye mtambo wa kupimia injini katika kiwanda chao cha Brixworth, Uingereza. Walioongoza kundi zima walihitaji zaidi ya miaka 3 kupanda asilimia 6 hivi, ambazo kwa hesabu yetu ni kama nguvu farasi 100. Kwa hiyo mtu anayeahidi nguvu farasi 100 katika majira ya baridi moja anadai kufanya kwa miezi michache kile ambacho mabingwa walikifanya kwa misimu mitatu. Pengine ataweza, hasa kama alianza akiwa chini sana, kwa sababu aliye chini ana mengi rahisi ya kurekebisha. Lakini ni haki yako kumuuliza nguvu hizo zimetoka wapi: kwenye mwako, kwenye turbo, au kwenye umeme?

Mwaka 2015 kulikuwa pia na kizuizi cha kisheria ambacho mashabiki wengi hawakukitia maanani. Marekebisho ya injini yaligawiwa kwa tokeni, yaani vibali vya kuhesabika ambavyo mtengenezaji alivitumia kila alipobadilisha sehemu ya injini. Watengenezaji watatu wa zamani walipewa tokeni 32 kila mmoja kwa mwaka huo, nayo Honda, kwa kuwa mgeni, ikapewa tokeni 9 za kutumia katikati ya msimu. Kumdai mtu aiunde upya injini yake kwa tokeni 9 ni kumdai jambo ambalo kanuni zilimkataza. Mfumo huo ulifutwa mwaka 2017. Kabla ya kuhukumu kasi ya maendeleo ya mtengenezaji yeyote, jua kwanza kanuni zinamruhusu kubadilisha nini.

Hesabu kilomita za majaribio

Nyakati za mzunguko katika majaribio ya kabla ya msimu zina thamani ndogo, kwa kuwa hujui gari lilibeba mafuta kiasi gani. Kilomita hazina siri ya namna hiyo, kwani injini yenye kasoro haiwezi kukaa barabarani siku nzima hata timu ikitaka.

Katika majaribio ya Jerez, Hispania, mwanzoni mwa 2015, McLaren ilikamilisha mizunguko 79 katika siku 4, na katika siku mbili za kwanza ilipata mizunguko 6 tu kila siku. Mercedes ilikamilisha 516. Mzunguko wa Jerez una kilomita 4.4 na ushei, kwa hiyo McLaren ilikwenda kilomita 350 hivi, na Mercedes karibu 2,300. Mbio za kawaida za Formula 1 zina kilomita 305. Yaani katika siku nne McLaren ilipita kidogo tu umbali wa mbio moja, huku mpinzani akikimbia mbio saba na zaidi. Aliyekuwa na karatasi hiyo mkononi hakushangaa pale Melbourne, Australia, katika mbio za kwanza za msimu, magari yote mawili ya McLaren yalipoanza mwisho kabisa, moja likafa likiwa njiani kwenda kupanga mstari, na la dereva Jenson Button likamaliza la mwisho, mizunguko miwili nyuma ya mshindi.

Mwaka 2017 dalili ilirudi. Siku ya kwanza ya majaribio ya Barcelona, gari la Alonso lilisimama mapema kwa tatizo la tangi la oili, na siku iliyofuata injini nyingine ikaharibika. Hasegawa alieleza baadaye kwamba tangi lile halingeweza kujaribiwa sawasawa kwenye mtambo wa kiwandani, kwa sababu mtambo haupindi kona. Aliongeza kwamba matokeo mazuri waliyoyapata kwa injini ya majaribio yenye silinda moja hayakujirudia walipounda injini kamili ya silinda 6. Maelezo hayo ni funzo kubwa kwa anayepima ahadi. Mtengenezaji anaweza kuwa mkweli kabisa anaposema kwamba mtambo wake umeonyesha nguvu fulani. Lakini mtambo umefungwa sakafuni, na gari hutikisika, huinama, huunganishwa na giaboksi lenye mitetemo yake, na hupokea hewa iliyochafuliwa na gari lililo mbele. Unaposikia takwimu yoyote, uliza imepimwa wapi: silinda moja, injini nzima kiwandani, injini pamoja na giaboksi, au gari zima barabarani.

Tazama mwisho wa njia iliyonyooka

Mbio nyingi za Ulaya huanza saa kumi jioni kwa saa za Afrika Mashariki, na unaweza kuifanya kazi hii ukiwa umekaa mbele ya televisheni. Macho yako yasiwe kwenye mwanzo wa njia iliyonyooka, bali kwenye mita mia mbili za mwisho.

Sababu ni hii. Mashine ya umeme iliyounganishwa na injini, iitwayo MGU-K, iliruhusiwa kutoa kilowati 120, yaani nguvu farasi 160, wala hapana aliyeweza kuzidisha hapo. Betri nayo iliruhusiwa kuipa megajuli 4 tu kwa kila mzunguko, ambazo huisha kwa sekunde 33 za nguvu kamili. Mzunguko mmoja wa Spa, uwanja wa mbio za Ubelgiji, ulichukua zaidi ya dakika moja na nusu. Anayetegemea betri pekee angebaki bila msaada wa umeme sehemu kubwa ya safari. Njia ya kuuvuka ukuta huo ilikuwa mashine ya pili, MGU-H, iliyokaa kwenye turbo na kugeuza nguvu ya moshi kuwa umeme, kwa maana kanuni hazikuweka kikomo cha umeme uliopita kutoka kwenye MGU-H moja kwa moja hadi kwenye MGU-K.

Hapo ndipo Honda ilipokwama mwaka 2015. McLaren ilitaka sehemu ya nyuma ya gari iwe nyembamba sana ili hewa ipite vizuri, na Honda ikakubali kuunda injini ndogo, ambayo kompresa yake, yaani sehemu ya turbo inayokandamiza hewa, ilifichwa katikati ya silinda. Kompresa iliyobanwa mahali pale haikuweza kuwa kubwa, turbo ikakosa uwezo, na MGU-H ikavuna umeme mchache. Matokeo yake yalionekana kwa macho. Gari lilitoka kwenye kona vizuri, likakimbia sambamba na wenzake, kisha kabla ya njia kuisha nguvu farasi 160 zikatoweka, na mpinzani akapita kana kwamba dereva ameondoa mguu. Dalili za kutafuta ni mwendo unaoonyeshwa kwenye skrini kuacha kupanda au kushuka kabla ya breki, sauti ya injini kubadilika, na taa nyekundu ya nyuma kumetameta mapema, kwani taa hiyo huonyesha kwamba gari linavuna umeme badala ya kuutoa.

Hilo ndilo lililomfanya Alonso apige kelele kwenye redio ya timu tarehe 27 Septemba 2015, akiiita injini yake injini ya GP2, yaani ya daraja la chini ya Formula 1. Alisema hivyo Suzuka, Japani, kwenye uwanja unaomilikiwa na Honda kupitia kampuni yake tanzu. Wengi wanaikumbuka kauli hiyo kama tusi. Mimi naiona kama ushahidi wa dereva aliyekuwa akieleza, kwa uchungu, jambo ambalo watazamaji makini walikuwa wamekwisha kuliona nyumbani kwao.

Usitegemee kipima mwendo peke yake. Gari lenye bawa dogo la nyuma hupita kwa mwendo mkubwa hata likiwa na injini dhaifu, na linalomfuata mwenzake kwa karibu huvutwa na hewa. Linganisha viwanja pia. Mwaka 2015 matokeo bora ya McLaren yalipatikana Hungary, ambako Alonso alimaliza wa 5 na Button wa 9. Uwanja ule una kona nyingi na njia fupi, kwa hiyo hauisumbui injini. Mtengenezaji akikuonyesha matokeo ya Hungary au Monaco kama uthibitisho, mwambie asubiri Spa na Monza (Italia), zenye njia ndefu zilizonyooka.

Soma adhabu kwa uangalifu

Kanuni huweka idadi ya injini na vipuri vyake ambavyo dereva anaweza kutumia kwa msimu, na akizidisha huadhibiwa kwa kurudishwa nyuma katika mstari wa kuanzia. Mbio za Ubelgiji za 2015, zilezile ambazo Arai alikuwa amezitaja kuwa ndipo Ferrari ingefikiwa, McLaren iliadhibiwa jumla ya nafasi 105 kwa magari yake mawili, ilhali mstari mzima ulikuwa na magari 20. Magari yote mawili yalimaliza bila pointi.

Namba 105 ilichekwa sana, lakini peke yake inapotosha. Timu inayojua kwamba itaadhibiwa kwa vyovyote huweka vipuri vingi vipya katika wikiendi moja, ili iwe na akiba ya mbio zijazo, kwa maana aliye mwisho hawezi kurudishwa nyuma zaidi. Badala ya kuhesabu nafasi, andika ni kipuri gani kimebadilishwa na kilikuwa kimekwenda mbio ngapi. MGU-H ikibadilishwa kila baada ya mbio mbili, hilo ni tatizo la usanifu, na ahadi ya nguvu zaidi haina maana mpaka litatuliwe. Injini ya mwako ikibadilishwa kwa sababu ya toleo jipya, hilo laweza kuwa maendeleo.

Tenganisha injini na gari

Hatua hii wengi huiruka, na waliiruka hasa mwaka 2017. McLaren ilimaliza msimu huo ya 9 kwa pointi 30, baada ya kuwa ya 6 kwa pointi 76 mwaka uliotangulia. Ndani ya timu ilisemwa hadharani kwamba chasisi yao ilikuwa miongoni mwa zilizo bora, na kwamba kilichowakosesha ni injini. Septemba 2017 walitangaza kuachana na Honda na kwenda kwa Renault.

Tatizo ni kwamba kati ya 2015 na 2017 McLaren ilikuwa timu pekee yenye injini ya Honda. Hapakuwa na gari la pili la kulinganisha, na kila upande ungeweza kumtupia mwenzake lawama bila kukanushwa. Mwaka 2018 mlinganisho ukapatikana. McLaren na Red Bull zilikimbia kwa injini za Renault. Red Bull ilishinda mbio 4. McLaren haikupanda jukwaa la washindi hata mara moja, ikamaliza na pointi 62. Injini ya Honda ilikuwa dhaifu kweli, na sisemi vinginevyo, ila ilikuwa pia imefunika udhaifu wa gari lililoibeba. Nadhani wahandisi wa Sakura walibebeshwa miaka ile mzigo ambao haukuwa wao wote, na tena gari lenye nyuma nyembamba lilikuwa takwa la McLaren lenyewe.

Kwa hiyo, mtengenezaji au timu ikilaumu upande wa pili, tafuta timu nyingine yenye injini ileile. Kama haipo, andika katika daftari kwamba swali hilo halina jibu bado, na usikubali kushawishiwa na sauti iliyo kubwa zaidi.

Dalili za kupona

Mwaka 2018 Honda ilihamia kwa Toro Rosso, timu ndogo ya Italia, na Toyoharu Tanabe akawa mkurugenzi wa ufundi kwenye viwanja. Ahadi zenye kulinganisha na Mercedes zilipungua, na vipimo vyetu vikaanza kusema vyenyewe. Katika majaribio ya kabla ya msimu, Toro Rosso ilikamilisha mizunguko mingi kuliko McLaren iliyokuwa imebadili injini. Katika mbio za pili, Bahrain, dereva wake Pierre Gasly alimaliza wa 4. Ndani ya mwaka huo wahandisi wa kitengo cha injini za ndege cha Honda walisaidia kurekebisha MGU-H, sehemu ileile iliyokuwa ikifa mara kwa mara. Oktoba, kule Suzuka, magari mawili ya Toro Rosso yalipata nafasi ya 6 na ya 7 katika kuwania nafasi za kuanzia.

Dalili iliyo nzito kuliko zote, kwa maoni yangu, ilitolewa mwezi Juni 2018, Red Bull ilipotangaza kwamba ingetumia Honda kuanzia 2019. Red Bull na Toro Rosso zilikuwa na mmiliki mmoja. Uamuzi ulifanywa na watu waliokuwa wakiiona injini hiyo kutoka ndani, na ambao wangeumia kama wangekosea. Mnunuzi mwenye takwimu akiweka msimu wake rehani, hilo lina uzito kuliko tamko lolote la mtengenezaji.

Max Verstappen, dereva wa Red Bull, alishinda Austria tarehe 30 Juni 2019, ushindi wa kwanza wa injini ya Honda tangu Hungary 2006. Oktoba 2020, Honda ilitangaza kwamba ingeondoka mwishoni mwa 2021. Hata hivyo wahandisi wake waliomba wapewe nafasi ya kukamilisha injini mpya iliyokuwa imepangwa kwa 2022, wakaiingiza mwaka mmoja mapema, na tarehe 12 Desemba 2021, Abu Dhabi, Verstappen akawa bingwa wa dunia. Dereva wa mwisho kutwaa ubingwa kwa injini ya Honda alikuwa Senna, mwaka 1991.

Rekebisha hesabu zako kwa kanuni za 2026

Vipimo hivi vinaendelea kufanya kazi chini ya kanuni za 2026, lakini namba zinabadilika. MGU-H imeondolewa. Mafuta hayapimwi tena kwa kilo bali kwa nishati yake, na kikomo ni megajuli 3,000 kwa saa, sawa na kilowati 833 zinazoingia kwenye injini. Asilimia moja ya ufanisi sasa ina thamani ya kilowati 8 na kidogo, yaani nguvu farasi 11. MGU-K imepanda kutoka kilowati 120 hadi 350, ilhali betri inaruhusiwa kutumia tofauti ya megajuli 4 tu kati ya kujaa na kupungua. Kwa nguvu kamili, kiasi hicho huisha kwa sekunde 11 na nusu hivi.

Honda imeingia kipindi hiki ikiwa na Aston Martin, makubaliano yaliyotangazwa Mei 2023, na kwa mara nyingine injini yake imo katika timu moja tu, kwa hiyo hakuna gari la pili la kuilinganisha. Audi nayo imo katika hali hiyohiyo. Kwa wote wawili, anza na kilomita, kisha vipuri vinavyobadilishwa, na ukae ukitazama zile mita mia mbili za mwisho, ambako sasa umeme ukikatika zinaweza kupotea hadi nguvu farasi 470 badala ya 160.